MAMBO YA NYUMBANI: Sakafu ya Uani na Njia ya Maji



Miezi hii, mpunga ukiisha kuvunwa na njia zikiisha kukauka, mtu apitaye katika vijiji vyetu tangu Ipinda hata Matema ataona malundo ya mchanga na kokoto mbele ya nyumba nyingi. Watu wamepata fedha kidogo za mpunga au za kakao, na wengi wanataka sakafu ya zege uani: mahali pa kukaa jioni, pa kupokea wageni, pa kuanika, pa mtoto kunawa miguu asiingie nyumbani na tope. Walimu wawili na mama mmoja wametuomba tuandike jinsi kazi hiyo inavyotengenezwa. Tumekubali, si kwa kuwa sisi ni mafundi, bali kwa kuwa sakafu yetu ya kwanza tuliibomoa kwa mikono yetu wenyewe.

Kiwanja cha nyumba si jambo dogo kwa watu wa nchi hii. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita kaskazini mwa ziwa letu mwaka 1879, alisifu sana usafi wa nyumba na viwanja alivyoviona katikati ya migomba. Viwanja vile vilikuwa vya udongo mtupu. Wazee walivisawazisha, wakavipiga kwa miguu na kwa gogo, wakavifagia kila asubuhi. Na mvua iliponyesha, sehemu ya maji ilitoka na sehemu ikanywewa na ardhi. Zege halinywi. Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo, na mengine yote yatalifuata hilo.

Miaka mitatu iliyopita tuliuza kakao, tukaona fedha mkononi, tukamwita fundi siku ya Jumatatu, na Jumamosi sakafu ilikuwa tayari, mita 6 kwa mita 5, laini kama sahani. Fundi alituuliza swali moja: «Mwalimu, maji yaende wapi?» Tulikuwa na haraka ya kwenda shuleni. Tukanyosha mkono kuelekea uzio wa mianzi ulioko upande wa chini, tukasema, «Yaende huko.» Naye akafanya kama alivyoambiwa. Ng'ambo ya uzio ule anakaa jirani yetu, mama mjane, pamoja na wajukuu wake wawili.

Mwezi wa Machi masika yalipokaza, mama yule alikuja mlangoni asubuhi. Akatusalimu vizuri, akauliza hali ya watoto, ndipo akasema, «Mwalimu, mvua ya kwenu inalala kwangu.» Tulimjibu maneno ambayo leo twaona haya kuyaandika. Tulimwambia ya kwamba Kyela yote ina maji, ya kwamba mto umefurika, na ya kwamba nyumba yake iko bondeni. Akasema, «Haya, Mwalimu,» akaenda zake.

Siku tisa baadaye pembe ya jiko lake, lililojengwa kwa matofali mabichi, iliporomoka usiku. Hakuumia mtu, ila kuku wawili walikufa na kuni zote zililowa. Mvua ilikuwa bado ikinyesha. Tulichukua tochi, tukasimama ukingoni mwa sakafu yetu nzuri, tukaona kwa macho: maji yalishuka kutoka batini kwetu, yakapita juu ya zege kama juu ya kioo, yakaingia chini ya uzio mahali pamoja tu, upana wa hatua mbili. Mto haukuwa na hatia. Mama wa nyumba yetu alikuwa amesimama nyuma yetu na mwavuli. Hakusema neno, wala hapakuwa na haja.

Tulimjengea jirani jiko jipya la matofali ya kuchoma, na mwezi wa Julai tukaivunja sakafu kwa nyundo na mtalimbo. Tangu siku zile uani kwetu pamekuwa udongo mtupu. Mwaka huu tumeanza tena, na safari hii tumeanza na maji.

Ninyi walimu, hesabu hii yafaa kufundishwa hata darasani. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Sakafu yetu ya kwanza ilikuwa na mita za mraba 30. Mvua ya milimita 50, ambayo masika kwetu si ajabu kunyesha kwa siku moja, ilitoa lita 1,500 sakafuni peke yake. Bati la upande ule wa nyumba lina mita za mraba 40, likaongeza lita 2,000. Jumla ni lita 3,500, yaani ndoo 175 za lita 20. Ni nani kati yetu angebeba ndoo 175 usiku, akazimwaga jikoni kwa mjane? Nasi tulizimwaga, tena tukiwa tumelala.

Tena mtu asichukue kipimo cha nchi nyingine akakileta hapa. Dodoma hupata mvua ya kadiri ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Sehemu nyingi za Kyela hupata zaidi ya 2,000. Na juu ya mvua hiyo iko mito, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yote ikishuka kutoka milimani na kumwaga maji na udongo katika tambarare yetu. Kwa hiyo ndugu aliyeko Dar es Salaam au Dodoma akikuandikia, «Chimba shimo la kunyonya maji, yataingia humo,» usilichimbe mpaka umejaribu. Chimba shimo la kina cha mita 1 wakati wa masika, utazame. Likijaa maji lenyewe kutoka chini, shimo hilo halitanyonya kitu. Litakuwa kisima cha mbu. Penye hali hiyo mfereji wa wazi ndio ufaao, wenye kupeleka maji kwenye migomba au magimbi, mimea ipendayo kulowa.

Basi kazi yaanza na vigingi na kamba, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Piga vigingi pembe nne za mahali unapopataka, funga kamba, kisha uache hivyo wiki nzima. Tazama watu wanapita wapi, kivuli cha mwembe kinaangukia wapi saa tisa, moshi wa jiko unakwenda upande gani. Sisi tulipofanya hivyo tuliona ya kuwa mita 6 kwa 5 zilikuwa majivuno tu. Nyumba yetu ina watu saba. Safari hii tumekata mita 4 kwa mita 3, na sehemu iliyobaki itakuwa majani na udongo, vipate kunywa maji. Mti usiukaribie mno, kwa maana mizizi ya mwembe huinua zege pole pole hata likapasuka. Na kwa kuwa wengi wetu tumezika wazazi karibu na nyumba, wazee wa ukoo waulizwe kabla jembe halijagusa ardhi, wala maji yasielekezwe makaburini. Sisi tuliambiwa tusogee hatua nne, tukasogea.

Mteremko ndio roho ya sakafu. Kwa mvua zetu twashauri sentimita 2 kwa kila mita. Sakafu ya mita 3 itashuka sentimita 6 tangu ukuta wa nyumba hata ukingoni. Mtu akikaa kitini hausikii mteremko huo, lakini maji huusikia. Usipime kwa jicho, kwa maana jicho hudanganywa na kilima kilichoko nyuma. Mafundi wetu hutumia mpira mwembamba uonekanao ndani, uliojaa maji: ncha moja kwenye kigingi hiki, ncha ya pili kwenye kigingi kile, na maji husimama sawasawa pande zote mbili, ndipo unapopima kushuka kutoka hapo. Angalia pia usipovu wa hewa ndani ya mpira, kwa kuwa utaharibu kipimo chote. Tena uso wa sakafu ya nje uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi, maji yasije yakarudi nyumbani.

Habari ya ardhi yahitaji subira. Udongo mweusi wa majaruba, mtamu kwa mpunga, ni adui wa zege: wakati wa mvua huvimba, wakati wa jua husinyaa na kupasuka, na sakafu iliyo juu yake hupasuka pamoja nao. Uondoe, sentimita 20 au zaidi, hata ufike penye udongo mgumu; uupeleke bustanini, kwa maana huko una kazi. Kisha jaza mawe au vipande vya matofali yaliyoiva vizuri, kimo cha sentimita 15, ukijaza tabaka kwa tabaka na kushindilia kila tabaka kabla ya kuweka lingine. Watu wengi hujaza yote kwa mara moja, wakapiga juu tu; chini hubaki mapengo, na mwaka wa pili sakafu huzama upande mmoja. Juu ya mawe tandaza mchanga kidogo, uzibe matundu.

Sasa vifaa. Zege la sakafu ya namna hii huchanganywa kipimo 1 cha saruji, 2 vya mchanga na 4 vya kokoto. Unene wa sentimita 10 watosha mahali pa kukaa watu. Gari likipita hapo ni habari nyingine, na nondo zitatakiwa. Mita 4 kwa 3 kwa unene huo ni mita za ujazo 1.2. Kazi hiyo yataka mifuko 8 ya saruji ya kilo 50, na kwa kuwa mfuko mmoja ni kadiri ya lita 35, mchanga utakuwa kama lita 560 na kokoto kama lita 1,120. Nunua mfuko mmoja zaidi. Bei hupanda na kushuka, basi uliza dukani kabla ya kumwahidi fundi siku; yule mtu wa mnara ambaye hakuhesabu gharama kwanza, nyote mwamjua.

Saruji yetu nyingi hutoka kiwanda kilichoko Songwe karibu na Mbeya, nayo hupanda na kushuka milima kabla ya kutufikia. Ni kitu kikavu sana kinachopenda kulowa, na Kyela hewa yenyewe ina maji. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, uifunike. Wala usiinunue mwezi wa Mei kwa kazi ya Septemba, kwa maana ikipita miezi mitatu nguvu yake hupungua. Mfuko ukiwa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, urudishe.

Mchanga wa ziwa letu hauna chumvi kama mchanga wa bahari, maana Nyasa ni maji baridi. Watu wa Tanga na Pwani wangeona wivu. Lakini haifai kuuchota ufukweni wala kwenye kingo za mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, nasi tumeona wenyewe ukingo uliochimbwa ulivyobebwa na mafuriko pamoja na shamba la watu. Nunua kwa wenye kibali. Kisha upime: tia mchanga katika chupa hata nusu, ongeza maji na chumvi kidogo ya jikoni, tikisa, uache hata kesho. Udongo laini utalala juu ya mchanga. Tabaka lake likizidi sehemu 1 katika 10, mchanga huo uoshwe au ukataliwe. Na katika kokoto chagua mawe meusi mazito. Yale mepesi yenye vitundu, yaliyotapikwa na milima ya moto ya Rungwe zamani, hayafai kwa sakafu, kwa kuwa huvunjika mkononi.

Kuhusu maji ya kuchanganyia tunalo neno kali. Wachanganyaji hupenda zege liwe kama uji, kwa sababu uji humwagika bila kuchosha mkono. Zege la uji likikauka huwa na vitundu na vumbi, nawe utalifagia miaka yote likitoa unga. Maji yasizidi kadiri ya lita 25 kwa mfuko mmoja, tena upunguze ikiwa mchanga umelowa. Zege likichotwa kwa beleshi likae kama ugali mwororo, lisimiminike. Lililokorogwa litumike kabla ya saa moja kupita. Lililoanza kushika lisiongezwe maji. Na watoto wasilichezee wala mtu asilikanyage miguu mitupu, maana saruji mbichi huchoma ngozi, na mtu haoni mpaka jioni.

Sakafu ya mita 4 igawanywe kati kwa ubao, iwe vipande viwili vya mita 2, kwa kuwa zege likikauka husinyaa, na lisipopewa mahali pa kupasukia litajichagulia lenyewe. Usoni usilisugue likawa laini kama ile sahani yetu. Pitisha fagio gumu kabla halijashika sana, libaki na mikwaruzo myembamba kufuata mteremko. Kwetu ukoga wa kijani huota mwezi mmoja tu baada ya mvua kuanza, na bibi aliyeteleza akavunja nyonga hataponywa na uzuri wa sakafu.

Kisha kuna kazi ambayo wengi huiacha kwa sababu haionekani kuwa kazi: kulinywesha. Siku 7 zege lisikauke hata kidogo. Lifunike kwa majani ya migomba au magunia, ulimwagie asubuhi, mchana na jioni. Jua la Septemba likilikausha siku ya pili, nguvu yake haitarudi tena hata ukilimwagia maji mwaka mzima.

Akina mama wameuliza habari ya kuanika. Mpunga ukianikwa juu ya zege haushiki changarawe, na hilo ni faida kubwa kinuni na sokoni. Lakini zege la mchana huwaka, na mpunga ukikauka haraka mno punje hupasuka ndani, zikavunjika mashineni. Mchele wa Kyela wenye sifa kote nchini ukawa chenga. Tandaza unene wa sentimita 3 hadi 5, geuza kila nusu saa, na jua la utosi likiwa kali mno ukusanye na kufunika. Kakao ikiisha kuchachushwa siku zake 5 hadi 7, twaona bora ikauke juu ya kichanja chenye mkeka, hewa ipite chini, kuliko sakafuni penye mbuzi na kuku. Sakafu itumike kusimamisha kichanja, miguu yake isizame topeni.

Sisi wenyewe hatujamwaga zege bado. Mawe yamekwisha kushindiliwa, mteremko umepimwa, na mfereji umechimbwa: unapita upande wa juu, unazunguka kaburi kwa mbali, unaingia katika migomba yetu. Ni mrefu mara tatu kuliko njia ya kwenda kwenye uzio, na fundi, yule yule wa kwanza, alicheka alipouona. Bati nalo tumelitia mfereji wake, unaojaza pipa na mtungi mkubwa wa Wakisi tulioununua Matema.

Jumamosi iliyopita tulimwita jirani. Alikuja na mjukuu wake mkubwa, hakutaka kukaa kitini. Tulimwambia, «Mama, kabla hatujamwaga zege tutamwaga maji, nawe utuambie.» Tulitandika turubai juu ya mawe, lipate kuwa kama zege, tukamwaga ndoo kumi kwa mfululizo upande wa ukutani. Yeye hakutazama turubai. Alikwenda kwenye uzio, akainama, akaweka kiganja chini ya mianzi mahali pale pale pa upana wa hatua mbili, akakaa hivyo mpaka maji yote yakaingia mfereji na kupotea migombani. Akakitazama kiganja chake.

«Mwaga nyingine, Mwalimu,» akasema.

Tukaenda kuteka.